Namna ya Kutathmini Hatari za Mwili na za Akili Mahali pa Kazi

Tathmini ya hatari inajibu maswali matatu: kazi hii ina nini kinachoweza kumdhuru mtu, nani atadhurika na kwa njia gani, na tufanye nini kabla hajadhurika. Tathmini nyingi hazifiki hapo. Mtathmini hukaa ofisini akanakili fomu ya mwaka uliopita na kubadilisha tarehe. Au hukagua mashine, ngazi na waya za umeme vizuri kabisa, kisha akawaacha vilevile watu wanaofanya kazi saa 12 mfululizo chini ya msimamizi anayewatukana. Mwongozo huu unazishika pande zote mbili kwa utaratibu mmoja, kwa sababu mfanyakazi naye hukutana nazo pamoja, katika zamu ileile.

Kihatarishi ni kitu, hali au desturi ya kazi yenye uwezo wa kudhuru: diski inayozunguka, sakafu yenye mafuta, asidi, lengo la uzalishaji lisilofikika. Hatari ni uwezekano wa kihatarishi hicho kumdhuru mtu, ukipimwa pamoja na uzito wa madhara yenyewe. Asidi iliyofungiwa kabatini na asidi inayomiminwa kwa mkono kwenye chupa ya maji ya kunywa ni kihatarishi kimoja, lakini hatari zake hazikaribiani.

Kuhusu wajibu, sheria ya nchi yako ndiyo ya kusoma kwanza. Nyuma ya sheria nyingi ipo mikataba ya Shirika la Kazi Duniani (ILO). Mkataba Na. 155 wa 1981 unamtaka mwajiri ahakikishe, kadiri inavyowezekana, kwamba mahali pa kazi, mashine na taratibu ni salama. Kifungu chake cha 13 kinamlinda mfanyakazi anayejiondoa kwenye kazi kwa kuwa ana sababu ya kuamini kuna hatari kubwa inayomkabili papo hapo, na kifungu cha 21 kinasema hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi chochote. Ukikuta watu wanakatwa mshahara kwa ajili ya buti na glavu, umeshapata jambo la kwanza la kuandika. Mkataba huo na ule Na. 187 wa 2006 iliingizwa Juni 2022 miongoni mwa kanuni na haki za msingi kazini. Mkataba Na. 190 wa 2019 unahusu ukatili na unyanyasaji, na unataka hatari za kisaikolojia zinazoambatana navyo zizingatiwe katika usimamizi wa usalama na afya kazini. Anayetaka mwongozo wa kina wa upande huo atumie kiwango cha ISO 45003 cha 2021.

Kabla ya kuanza kutembea

Unda timu ndogo ya watu watatu au wanne: mmoja anayeifanya kazi yenyewe kila siku, mmoja anayeisimamia, mwakilishi wa wafanyakazi, na mtu mwenye ujuzi wa usalama kama yupo. Bosi akifanya tathmini peke yake atapata majibu ya kumpendeza bosi.

Igawe sehemu ya kazi kwa shughuli badala ya idara. "Stoo" haitathminiki, lakini "kupakua magunia kutoka kwenye lori", "kupanga mzigo kwenye rafu za juu" na "kuhesabu mali usiku" zinatathminika. Orodhesha pia shughuli za nadra: kusafisha tangi, kuzibua mashine iliyokwama, kubadilisha vipuri, kuwasha jenereta umeme unapokatika. Ajali mbaya hupenda kujificha humo, kwa sababu kazi hizo hazina mazoea, mara nyingi hazina utaratibu ulioandikwa, na hufanywa kwa haraka ili uzalishaji urudi.

Kusanya kumbukumbu za miezi 12 iliyopita: daftari la ajali, matukio ya nusura (yaliyokaribia kuwa ajali), orodha ya huduma ya kwanza, siku za ugonjwa, saa za ziada, likizo ambazo watu hawakuzichukua, walioacha kazi, malalamiko ya wafanyakazi na ya wateja. Zipange kwa kitengo na kwa zamu. Kitengo kimoja kikiwa na walioacha kazi mara mbili ya vingine, au zamu ya usiku ikibeba majeraha mengi kuliko idadi ya watu wake, umeshajua pa kuanzia. Daftari la ajali lililo tupu kabisa mahali penye mashine nalo lichukuliwe kuwa dalili. Mara nyingi maana yake ni kwamba watu wanaogopa kuripoti, au kuna bonasi ya "siku bila ajali" inayowafanya wenzao wawanyamazishe.

Andika pia nani wako hapo, kwa upana: vibarua, wafanyakazi wa wakandarasi, wasafishaji, walinzi, wanafunzi wa mafunzo, madereva wanaoleta mzigo, wajawazito, wenye ulemavu, wageni wasiojua lugha ya mabango. Watu wa pembeni ndio wanaosahaulika, na ndio ambao hawajafundishwa.

Tazama kazi inavyofanywa

Kazi ilivyoandikwa na kazi inavyofanywa ni vitu viwili. Kaa mahali pamoja kwa muda wa kutosha kuona mzunguko mzima wa shughuli, kisha urudi wakati mwingine: mwanzo wa zamu, dakika 30 za mwisho, na usiku kama kuna zamu ya usiku. Ziara ya saa 4 asubuhi iliyotangazwa wiki moja kabla itakuonyesha sakafu iliyofagiliwa na watu waliovaa kofia ngumu mpya.

Maswali yawe ya wazi na yahusu kazi. Sehemu gani ya kazi hii inakusumbua zaidi? Mara ya mwisho kitu kilipokaribia kwenda vibaya ilikuwaje? Ni utaratibu gani haufuatiki hapa, na kwa nini? Ukisimamisha mashine kwa sababu ya usalama, nini hufuata? Swali hili la mwisho lina thamani kubwa, maana jibu lake linagusa chuma na moyo kwa pamoja.

Chukua grainda, ile mashine ya mkono ya kukatia chuma. Fomu ya kawaida itaandika: "Kihatarishi: cheche. Kinga: miwani." Msogelee fundi uone. Kava ya diski imefunguliwa. Diski iliyofungwa ni ya milimita 180, na mashine imetengenezwa kwa diski ya milimita 115. Diski ya 180 kwa kawaida imeandikwa kikomo cha mizunguko 8,500 hivi kwa dakika, ilhali mashine ndogo huzunguka 11,000 au zaidi. Kwa mwendo huo ukingo wa diski unapita mita 100 kwa sekunde wakati kikomo chake ni 80. Ikipasuka, vipande vinaruka kuelekea uso, shingo na tumbo la aliyeishika, na kava ambayo ingevizuia ndiyo iliyotolewa ili diski kubwa iingie.

Sasa uliza kwa nini. Labda mashine kubwa iliharibika zamani na maombi ya kuitengeneza hayajajibiwa. Labda diski ndogo huisha haraka na stoo inatoa moja tu kwa siku. Labda mafundi wanalipwa kwa idadi ya vipande, na diski kubwa inakata bomba kwa mkupuo mmoja. Labda wote wanajua ni hatari, lakini aliyesema mara ya mwisho aliitwa mvivu mbele ya wenzake. Bango la "Usitoe kava" halitatibu hata moja kati ya haya. Tathmini inayoishia kwenye kava iliyokosekana imeona nusu ya kihatarishi. Nusu nyingine imo katika malipo, stoo na kauli ya msimamizi, na hiyo ndiyo itakayoitoa kava tena wiki mbili baada ya wewe kuondoka.

Vipimo vichache vya kushika kichwani

Kelele. Kikomo kinachotumika sana ni wastani wa desibeli 85 kwa saa 8. Katika hesabu inayopendekezwa zaidi, kila ongezeko la desibeli 3 linakata muda kwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, na 100 ni dakika 15 tu. Kama hamna kipimo, jaribuni hivi: ikiwa inakulazimu kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, chukulia kwamba mmefika 85 au mmepita, na mwite mpimaji. Programu za simu zinafaa kwa kubahatisha tu. Ujue pia kwamba kifunika masikio chenye uwezo wa kupunguza desibeli 30, kikivuliwa kwa dakika 30 tu kati ya saa 8, kinga yake halisi kwa siku nzima inashuka hadi kama desibeli 12. Ndiyo maana swali la kuuliza ni kwa nini watu wanavivua. Joto, jasho, kutosikia maelekezo na hofu ya kutosikia gari la mizigo likirudi nyuma ni majibu ya kawaida, na yote ni ya kweli.

Kuinua mizigo. Hesabu ya taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inaanza na kilo 23, na watu hushika namba hiyo wakasahau masharti yake: mzigo uwe sentimita 25 au chini ya hapo kutoka mwilini, mikono iwe kwenye kimo cha sentimita 75 hivi, mwili usipinde upande, mshiko uwe mzuri na mizigo isifuatane kwa kasi. Mzigo ukiwa sentimita 50 mbele ya mwili, kikomo kinashuka hadi kilo 11.5. Ukiwa umbali huohuo na unaokotwa kutoka sakafuni, kinakuwa karibu kilo 9. Ongeza kugeuza kiuno na kuinua kila dakika, kinashuka zaidi. Kwa hiyo beba futi kamba na mizani, pima umbali na kimo, kisha uandike namba. Neno "mzigo mzito" kwenye fomu halimsaidii mtu.

Kemikali. Tafuta karatasi ya taarifa za usalama ya kila kemikali. Katika mfumo wa kimataifa ina sehemu 16. Ya 2 inataja madhara, ya 4 huduma ya kwanza, ya 7 uhifadhi, ya 8 viwango na vifaa kinga, na ya 10 vitu visivyopatana nayo. Wasafishaji wakichanganya dawa ya klorini na kisafishio chenye asidi, hutoka gesi ya klorini; wakiichanganya na amonia, hutoka gesi nyingine yenye sumu. Kagua chupa zisizo na lebo na chupa za soda zilizojazwa kemikali, na uziondoe siku hiyohiyo. Hilo halihitaji kusubiri ripoti.

Nafasi finyu, yaani matangi, mashimo ya maji taka, visima, maghala ya nafaka. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Mtu asiingie ikiwa chini ya 19.5, na ikizidi 23.5 moto huwaka kwa urahisi mno. Pima oksijeni kwanza, kisha gesi zinazowaka, kisha zenye sumu; na pima juu, katikati na chini, kwa sababu gesi nyingine ni nzito kuliko hewa. Usitegemee pua. Gesi ya salfidi hidrojeni, yenye harufu ya mayai yaliyooza, hudumaza uwezo wa kunusa ikifika kama sehemu 100 kwa milioni, kwa hiyo mtu hudhani imeisha. Wengi wanaofia humo ni waliojitosa kuwaokoa wenzao. Kama hakuna kipimo, mlinzi wa nje na njia ya kumvuta mtu bila kuingia, kazi hiyo haifanyiki.

Ngazi: kila mita 4 kwenda juu, mguu wake utoke mita 1 kutoka ukutani, na juu izidi kama mita 1 pale mtu anapotua. Mashine inayotengenezwa: umeme ukatwe, swichi ifungwe kwa kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwa fundi mwenyewe, kisha ajaribu kuiwasha ili athibitishe imekufa. Kumwambia mwenzako "usiwashe" si kinga.

Vihatarishi vya kisaikolojia

Hapa wengi hukwama kwa kudhani kwamba wanapima watu. Tathmini haimpimi mtu kama ana nguvu ya moyo au la, wala haimchunguzi kama mgonjwa. Inapima kazi: wingi wake, mpangilio wake, na namna watu wanavyotendewa wakiifanya. Shirika la Afya Duniani linaueleza uchovu wa kupindukia wa kazi, katika orodha yake ya magonjwa na hali za kiafya, ICD-11, kuwa matokeo ya msongo sugu wa kazini ambao haukudhibitiwa vizuri. Chanzo kipo kazini, na ndiko kwa kukitafutia.

Mamlaka ya afya na usalama kazini ya Uingereza (HSE) hutumia makundi sita, na yanatosha kuanzia. Mzigo wa kazi: wingi, kasi, saa, mazingira. Udhibiti: mtu ana kauli gani juu ya namna na wakati wa kufanya kazi yake. Msaada: kutoka kwa msimamizi, wenzake na vitendea kazi. Mahusiano: matusi, uonevu, udhalilishaji wa kijinsia, migogoro. Nafasi: mtu anajua anachotakiwa kufanya, au anapewa amri zinazopingana na mabosi wawili? Mabadiliko: watu huambiwa lini, na huulizwa? Sisi tungeongeza matatu: kukosa uhakika wa ajira, juhudi isiyolingana na malipo au shukrani, na kukutana na ukatili au mikasa, kama wauguzi, walinzi, wahudumu wa wateja na waokoaji wanavyokutana nayo.

Mchanganyiko mmoja una madhara ya pekee: mzigo mkubwa pamoja na udhibiti mdogo. Mhudumu wa simu anayepokea simu mfululizo, akipimwa kwa sekunde, akitukanwa na wateja, asiye na ruhusa ya kukata simu wala kuinuka bila kuomba, yumo ndani yake kikamilifu. Meneja wake anaweza kuwa na kazi nyingi zaidi, lakini anaipanga mwenyewe.

Saa za kazi zipimwe kwa namba. Makadirio ya pamoja ya ILO na Shirika la Afya Duniani, yaliyotolewa 2021, yalionyesha kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, ukilinganisha na saa 35 hadi 40, kunaambatana na hatari kubwa zaidi kwa asilimia 35 ya kupata kiharusi, na kwa asilimia 17 ya kufa kwa ugonjwa wa moyo unaotokana na mishipa kuziba. Hivyo saa za ziada ni kihatarishi cha mwili pia. Hesabu saa halisi zikiwamo za nyumbani na jumbe za usiku, mapumziko kati ya zamu (sheria ya Umoja wa Ulaya inataka angalau saa 11 katika kila saa 24), na idadi ya usiku mfululizo. Mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama aliyekunywa pombe kufikia asilimia 0.05 katika damu, na huyo huenda ndiye dereva wako wa alfajiri.

Kukusanya taarifa, anza na zile kumbukumbu za miezi 12. Kisha itisha vikundi vya watu sita hadi wanane wa daraja moja, bila msimamizi wao chumbani, kwa saa moja na nusu. Waombe waieleze wiki ya kawaida na siku mbaya zaidi, halafu wakueleze nini kingeipunguzia ubaya. Andika maneno yao bila majina. Dodoso lije baadaye kama watu ni wengi. Lile la Copenhagen, liitwalo COPSOQ, limetafsiriwa katika lugha nyingi. Matokeo ya kikundi chenye watu chini ya kumi yasitolewe peke yake, kwa sababu itajulikana nani alisema nini. Na msigawe dodoso kama hamjakubaliana nani atafanyia kazi majibu na lini. Dodoso lililofuatwa na kimya huwafundisha watu kwamba kusema hakuna maana, na mwaka unaofuata mtapata majibu matamu na ya uongo.

Mambo mawili hayasubiri utaratibu huu. Mtu akieleza unyanyasaji wa kijinsia au kupigwa, hilo ni lalamiko la kushughulikiwa kwa siri na mara moja, kwa njia isiyompitisha kwa anayelalamikiwa. Na mtu akionyesha kwamba anafikiria kujiua, usimwache peke yake. Mwelekeze kwa huduma ya dharura au mtaalamu wa afya ya akili siku hiyohiyo. Usiyaandike hayo kwenye fomu ya tathmini.

Kutoa alama

Tumia kipimo cha 1 hadi 5 kwa uwezekano na 1 hadi 5 kwa uzito wa madhara. Uzito: 1 ni huduma ya kwanza, 2 siku chache za kupumzika, 3 jeraha au ugonjwa wa wiki kadhaa, 4 ulemavu au ugonjwa wa kudumu, 5 kifo. Uwezekano: 1 haitarajiwi, 3 imewahi kutokea hapa au mahali kama hapa, 5 hutokea mara kwa mara. Kwa vihatarishi vya kisaikolojia, uwezekano utokane na wangapi wanakutana nacho, mara ngapi kwa wiki, na kwa muda gani. Msongo wa wiki mbili za kufunga hesabu haulingani na wa mwaka mzima.

Kila mwanatimu atoe alama peke yake kabla ya kuonyeshana. Mkitofautiana kwa 2 au zaidi, zungumzeni. Huenda fundi anajua kitu ambacho msimamizi hakijui. Toeni alama kwa kinga zilizopo na zinazofanya kazi leo. Kinga iliyo stoo, au iliyo kwenye sera peke yake, haihesabiki.

Kuzidisha namba mbili kuna mtego. Uwezekano 1 na uzito 5 hutoa 5, sawasawa na mikwaruzo midogo ya kila siku yenye uwezekano 5 na uzito 1. Wekeni kanuni mapema: chochote chenye uzito 5 kinashughulikiwa, jumla iwe yoyote. Vinginevyo, 15 na kuendelea kazi isimame hadi irekebishwe, 8 hadi 14 ipangiwe tarehe ya karibu, chini ya hapo iangaliwe. Na mkimwona mtu akishusha namba hadi rangi ya jedwali la alama igeuke kijani, yaani salama, rudini mkaitazame kazi, kwa sababu jedwali limeanza kutumika kuficha.

Kudhibiti

Mpangilio wa hatua unajulikana na unavunjwa kila siku: ondoa kihatarishi, kikishindikana, badilisha kwa kisicho na madhara makubwa, kisha kitenge kwa kinga za kiufundi, kisha panga upya taratibu na mafunzo, mwisho kabisa ndipo vifaa kinga. Barakoa na glavu zina kazi yake, ila humlinda mtu mmoja, na pale tu anapozivaa, zikiwa saizi yake na hazijachakaa. Kwa vumbi la kukata mawe au zege, maji kwenye diski au kifyonza vumbi kilichofungwa kwenye mashine hupunguza vumbi kwa wote waliopo. Kwa mzigo wa kilo 50, nunueni mifuko ya kilo 25 au mkokoteni kabla ya kuitisha semina ya kuinua vizuri.

Upande wa akili mpangilio ni uleule, na kosa ni lilelile. Ushauri nasaha, mazoezi ya kupumua na siku ya michezo viko pale vilipo viziba masikio: vinamsaidia mtu kustahimili, kelele inaendelea. Anzeni na chanzo. Futeni ripoti inayoandikwa mara mbili, ongezeni watu saa za msongamano, pangeni zamu zizunguke asubuhi, mchana, kisha usiku, zitangazwe wiki kadhaa mapema. Mpeni mhudumu wa simu ruhusa ya kukata simu ya matusi baada ya onyo moja, na dakika za kupumua baada yake. Kisha wafundisheni wasimamizi. Ushauri nasaha ubaki kwa walioumia tayari, na uwe wa siri kwelikweli.

Mstari uliokamilika kwenye fomu unafanana na huu: "Kukata mabomba kwa grainda. Mafundi 6 na kibarua 1. Diski kubwa kuliko mashine, kava imetolewa. Sababu: mashine kubwa mbovu, malipo kwa kipande. Uwezekano 3, uzito 5. Mashine isimamishwe leo. Mashine ya milimita 180 itengenezwe. Stoo itoe diski kwa mahitaji. Malipo yapitiwe upya na mafundi wawili wakiwepo. Mhusika: msimamizi wa karakana, siku 14. Alama baada ya hapo: 1 na 5."

Na huu: "Wodi, zamu ya usiku. Wauguzi 2 kwa wagonjwa wote, usiku 6 mfululizo, ndugu wa wagonjwa huwatisha. Uwezekano 4, uzito 3. Usiku usizidi 3 mfululizo. Muuguzi wa tatu saa 2 usiku hadi saa 8. Mlinzi na kengele ya kuita msaada. Tukio la vitisho liripotiwe na lijibiwe ndani ya saa 48. Mhusika: muuguzi mkuu, mwezi 1." Kila hatua iwe na cheo cha mtu mmoja na tarehe. Ukiandika "Menejimenti", hakuna mtu wa kufuatiliwa.

Kurudi kukagua

Waonyesheni wafanyakazi matokeo kabla ya kuyafunga, kwa lugha wanayoitumia kazini, nao waseme nini kimekosewa. Baada ya miezi 3 nenda ukatazame kwa macho: kava ipo? Ratiba mpya inafuatwa hata mtu mmoja anapougua? Kinga mpya imeleta kihatarishi kipya, kama kifyonza vumbi chenye waya unaokatiza njia? Pima tena kelele ileile, hesabu tena saa zilezile, rudia maswali yaleyale ya kikundi. Tathmini nzima irudiwe angalau mara moja kwa mwaka, na mara moja bila kusubiri mwaka panapotokea ajali, tukio la nusura, lalamiko zito, mashine au kemikali mpya, kupunguzwa kwa watu, au kubadilishwa kwa zamu. Matoleo ya zamani yahifadhiwe yakiwa na tarehe, ili anayekuja baadaye aone kihatarishi gani kimekuwa kikiahidiwa dawa mwaka baada ya mwaka.